Airport ya Dar: kila njia inapita getini, hakuna inayoingia ndani

Watu wakianza kuongelea usafiri wa kwenda Airport ya Dar (JNIA) wanaanza na foleni, na mimi sikatai, foleni ipo. Ila ukiitoa foleni pembeni ukaangalia ramani kwa utulivu unakutana na kitu cha kushangaza kidogo. Uwanja uko kama kilomita 12 tu kutoka mjini, umekaa pembeni ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na kwenye ukanda huohuo kuna daladala zote za Gongo la Mboto, kuna njia ya mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) awamu ya tatu, kuna reli ya kati ya zamani na sasa kuna SGR, reli mpya ya treni za umeme. Miji mingapi Afrika ina uwanja wa ndege ambao usafiri wote huo unapita jirani? Na bado mtu mwenye begi la kilo 23 akitoka Terminal 3, usafiri wa umma wa kueleweka anaoukuta mlangoni ni teksi, yaani sio usafiri wa umma.

Hicho ndo kisa chenyewe. Tatizo sio kilomita 12, tatizo ni kipande cha mwisho kati ya barabara kuu na mlango wa jengo.

Kwanza tuelewane kuhusu jiji lenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na hao ni wa mkoa wa Dar peke yake, hujaweka wanaolala Kibaha, Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo na asubuhi wako mjini. Jiji limetanuka kwa kufuata barabara zake, Morogoro Road, Kilwa Road, Bagamoyo Road na hii ya Nyerere, na katikati ya barabara moja na nyingine watu wamejaza viwanja vyao wenyewe bila kusubiri mtu wa mipango miji. Kwahiyo mtu wa Tegeta, wa Mbagala na wa Kimara wote wakitaka kwenda Airport inabidi kwanza waje kuelekea mjini au wakatize Mandela Road, alafu ndo waanze safari ya kutoka tena. Ukisema Airport iko karibu, unamaanisha iko karibu na Posta. Wanaokaa Posta ni wangapi?

Serikali ilianza kulishika tatizo hili kwa upande wa magari. Septemba 2018 likafunguliwa Daraja la Mfugale pale TAZARA, lile la juu la kwanza nchini, lililojengwa kwa msaada wa Japan na kupewa jina la Patrick Mfugale aliyekuwa bosi wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Anayekumbuka makutano ya TAZARA kabla ya hapo atakwambia, Nyerere Road inakutana na Mandela Road ambayo ndo njia ya malori ya bandarini, trafiki anasimamisha upande mmoja mpaka watu wanashuka kwenye daladala wanatembea, na watu walikuwa wanakosa ndege kabisa. Daraja lilisaidia, nani atabisha. Lakini gari zilizopita fasta TAZARA zilienda kukutana na foleni mbele, Chang'ombe pale Veta, ikabidi baadaye pajengwe daraja jingine la juu, na ukitoka hapo kuna Kamata na Gerezani. Ukiongeza na foleni ya msafara, maana hii ndo barabara ya kila kiongozi na kila mgeni wa kiongozi kutoka uwanjani kwenda Ikulu, unajikuta umekaa nusu saa hujui kwanini hadi uone pikipiki zinapita na ving'ora.

Terminal 3 yenyewe ikafunguliwa Agosti 2019, ina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na kwa ndani ni jengo zuri, hilo halina ubishi, ukilinganisha na Terminal 2 ya mwaka 1984 ambayo ilikuwa inabeba kila kitu, za ndani na za nje. Za kimataifa zikahamia kule, za ndani zikabaki Terminal 2. Sasa angalia namna ya kuingia kwenye jengo la milioni 6. Kuna barabara nzuri ya magari, kuna maegesho ya kutosha, kuna sehemu ya kushusha abiria. Basi la umma? Kituo cha daladala kinachoitwa Airport kiko nje barabarani. Konda anagonga bodi "Airport, Airport, kuna mtu?" unashuka, na hapo una begi, jua la saa saba, na jengo unaliona kwa mbali. Unachukua bodaboda au bajaji kumalizia, au unatembea pembeni ya barabara iliyochorwa kwa ajili ya magari. Na ukitaka kutoka Terminal 3 kwenda Terminal 2 kuunganisha ndege ya Mwanza au Kilimanjaro, nalo ni zoezi lingine.

Kuna watu watasema mwenye hela ya tiketi ya ndege hakosi hela ya teksi. Nimesikia hii hoja mara nyingi na inanikera, kwasababu inasahau kwamba uwanja wa ndege kwa asilimia kubwa ni sehemu ya kazi. Wasafishaji, wapakia mizigo, walinzi, wahudumu wa migahawa, watu wa karakana, wa mafuta, maafisa wa uhamiaji, mawakala wa kutoa mizigo, dada wa kaunta, wote hao wanaingia kila siku na wanatoka kila siku. Abiria anaenda Airport mara moja au mbili kwa mwaka, mlinzi anaenda mara ishirini na kitu kwa mwezi. Na hao wengi wanakaa ukanda huohuo, Gongo la Mboto, Ukonga, Kitunda, Kipawa, Vingunguti, wengine Mbagala na Buza ambako ukiangalia kwenye ramani ni karibu ila kwa daladala unapanda mbili mpaka tatu. Nauli ya daladala kwa umbali ule haifiki elfu moja, bodaboda ya kumalizia kipande cha ndani inaweza kuwa sawa na nauli nzima au zaidi, sasa zidisha mara mbili kwa siku alafu zidisha kwa mwezi uone mshahara wa mfagizi unabaki na nini. Na abiria nao sio wote matajiri siku hizi, dada anayeenda Muscat kufanya kazi za ndani amesindikizwa na mama yake na mdogo wake, wamekodi gari kwa makumi ya maelfu kwasababu hawana namna nyingine na mabegi.

Sasa mwendokasi. Awamu ya kwanza ilianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco, kama kilomita 21, na ikaipa Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018. Awamu ya pili ni Kilwa Road kwenda Mbagala. Ya tatu ndo inayotuhusu, Nyerere Road hadi Gongo la Mboto na kipande cha Uhuru, kama kilomita 23, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa lugha nyingine njia ya mwendokasi inapita mbele ya uwanja wa ndege, basi liko kwenye njia yake lenyewe, halisubirishwi na lori wala daladala. Hii ni nafasi ambayo haitarudi tena, maana njia ya zege ukishaiweka haihami.

Ila nina wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mabasi. Mbagala walikaa na barabara imekamilika, vituo vimesimama, watu wanapita pembeni na daladala zao wanaviangalia tu, kwasababu mabasi hayajaja. Na hata Kimara ambako yalikuwepo, kila mtu anajua ile hali ya saa moja asubuhi, unaingia kwa bega, ukitoka umepoteza kifungo. Mtu mwenye begi kubwa haingii kwenye basi la namna hiyo. Sio kwamba amekatazwa, haingii tu, atasukumwa na atatukanwa. Mwendokasi wa Airport bila sehemu ya kuweka mizigo na bila idadi ya kutosha ya mabasi utawafaa wafanyakazi, na hiyo tayari ni faida kubwa, ila abiria wa ndege atabaki palepale.

Wasiwasi wa pili ni kile kipande. Basi likikuacha katikati ya Nyerere Road bado hujafika. Ni kama mgeni umempokea mpaka barazani alafu mwenyeji ukaingia ndani ukafunga mlango. Kuna tofauti kubwa sana kati ya kituo kilicho mbele ya uwanja na kituo kinachohudumia uwanja. Kinachohudumia kina njia ya miguu yenye kivuli, haina ngazi za kubeba begi, ina taa usiku, na kina basi dogo linalozunguka majengo yote bila kukulipisha upya. Hayo yote ukiyajumlisha gharama yake haifiki hata kilomita moja ya daraja la juu, na ndo yanayosahaulika kila mradi.

Upande wa reli stori ni ndefu na inauma kidogo. Oktoba 2012 Dar ilipata treni ya mjini kwa mara ya kwanza, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwasababu Harrison Mwakyembe ndo alikuwa waziri wa uchukuzi, moja ikienda Ubungo Maziwa kutoka Stesheni na nyingine ya TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, ikienda Mwakanga. Baadaye ikaongezwa ya Pugu. Hiyo ya Pugu inafuata ukanda huuhuu wa uwanja, yaani ilikuwa ni suala la kuweka kituo kinachoeleweka na usafiri wa kuvuka. Haikutokea. Treni zilikuwa chache, za asubuhi na jioni, kwa ajili ya watu wa kazini na wanafunzi, na sio kosa la waliozianzisha, walifanya walichoweza na mabehewa ya zamani.

Alafu ikaja SGR. Juni 14, 2024 treni ikaanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, Julai ikafika Dodoma, Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi. Hapa ndo kisa kinakuwa kitamu maana kimetoka kuwa cha Dar kimekuwa cha mikoa. Chukua mtu wa Morogoro mwenye ndege ya saa nne usiku Terminal 3. Zamani alipanda basi, akashuka Mbezi Louis kwenye stendi ya Magufuli, akahangaika kuanzia hapo. Sasa anapanda treni ya umeme, anakaa vizuri, chini ya masaa mawili anaona Dar. Treni inapita Pugu, inapita jirani na uwanja kabisa, ndege unaziona zikishuka, na haisimami. Inaenda mpaka Stesheni katikati ya mji. Anashuka, anatafuta gari, anarudi kilomita 12 kule kule alikotoka, saa ya foleni ya jioni. Muda ambao treni imempunguzia kwenye kilomita mia mbili anakuja kuurudisha Nyerere Road.

Anaweza kushuka Pugu kama amepanda treni ya kawaida inayosimama pale, kweli, na anayejua mji atafanya hivo. Ila Pugu nako ukishuka usafiri wa kwenda Airport ni wa kujitafutia, boda au bajaji au ukatafute daladala. Basi moja tu linalosubiri treni ifike, linapita Gongo la Mboto, linaingia Terminal 2 na 3, lingebadilisha kabisa hesabu ya mtu wa Morogoro na wa Dodoma. Wabunge na watumishi wa Dodoma ni abiria wa uhakika, tena wengi wanaunganisha na ndege za nje. Sihitaji kuambiwa utafiti ufanyike miaka mitatu kujua kama abiria watapatikana.

Kujenga kituo kipya cha SGR pale Airport? Wengi wanapenda hili wazo. Mi silipendi kivile, angalau kwa sasa. Treni ya masafa marefu ukiisimamisha kilomita chache kabla ya mwisho unapunguza mwendo na kuchafua ratiba, na kituo cha reli ile sio banda la daladala, ni mabilioni. Pugu ipo tayari. Itumike kwanza.

Kitu kingine ambacho wapangaji hawakitazami ni saa. Ndege nyingi za mbali pale JNIA zinatua na kuondoka usiku, kuanzia saa nne mpaka alfajiri. Mwendokasi usiku unalala. Daladala za usiku wa manane za kuhesabu. Treni ndo kabisa. Kwahiyo hata ukitengeneza kila kitu nilichosema hapo juu, abiria wa saa tisa usiku bado ni wa teksi, na mfanyakazi wa shifti ya usiku bado anasubiri kuche au anachangishana na wenzake gari. Basi la usiku moja kila saa, Airport, Buguruni, Kariakoo, Stesheni, lingetosha kwa kuanzia, halihitaji njia maalum kwasababu saa hizo barabara nyeupe.

Teksi za mtandao zilisaidia hapa katikati, Uber aliingia Dar 2016, bei zikashuka na watu wakapata pa kulinganishia. Ila 2022 akasimamisha huduma baada ya kanuni za nauli na kamisheni za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, akarudi mwaka uliofuata. Somo langu hapo ni dogo, usafiri wa kufika uwanjani ukiuacha wote kwa kampuni, siku kampuni na mdhibiti wakigombana wewe unabaki na begi.

Sasa kwanini hicho kipande kifupi hakina mwenyewe? Hesabu wahusika. Ndani ya uzio ni mamlaka ya viwanja vya ndege. Barabara kuu ni TANROADS. Mwendokasi ni DART, wakala wa mabasi hayo, ambayo iko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa. Daladala na nauli ni LATRA, iko kwa uchukuzi. Reli ni TRC, shirika la reli, nayo uchukuzi. Alafu kuna halmashauri, na hapa Dar ina jambo la kipekee, Februari 2021 halmashauri ya jiji la zamani iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa na Ilala ikapandishwa ndo ikawa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila mmoja kwake. Kuivunja kulikuwa na sababu zake, ilikuwa inasemwa ni mzigo na haina eneo lake, sawa, lakini matokeo yake hakuna meza moja ambayo mtu wa usafiri wa Dar nzima anakaa, achilia mbali Dar pamoja na Pwani. Kila taasisi ikifanya kazi yake vizuri ndani ya mpaka wake, kile kipande cha kati kinabaki hakuna aliyekosea na hakuna aliyekijenga.

Miji mingine Afrika ilijibu swali hili kwa namna zake. Nairobi wakajenga Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa 2022, na mwenye gari na hela ya kulipia anafika JKIA, uwanja wao wa ndege, kwa dakika chache. Mtu wa matatu namba 34, daladala yao ya kwenda uwanjani, maisha yake hayakubadilika sana. Johannesburg wao Gautrain ilifunguliwa Juni 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na kituo kiko palepale uwanjani, unatoka na begi unaingia kwenye treni, ila nauli ya kipande cha uwanja iliwekwa juu kuliko vipande vingine, kwahiyo ni treni ya wasafiri zaidi kuliko ya wafagizi. Dar ina bahati kwamba ukanda wake tayari ni wa watu wa kawaida, haihitaji kuchagua kati ya hao wawili.

Mimi ningeanza na kitu kidogo sana. Mabasi madogo manne au matano yenye sehemu ya mizigo, yanayozunguka kituo cha mwendokasi, Terminal 2, Terminal 3 na kwenda Pugu kwa ratiba ya SGR. Tiketi iwe ileile ya mwendokasi, kadi moja, ukishagonga kwenye basi kubwa, hili dogo la ndani ni bure. Hela? Abiria wa kimataifa tayari analipa dola 40 ya huduma ya uwanja ndani ya tiketi yake, hata hajui. Kumpa basi la kumtoa mlangoni mpaka barabarani ni huduma ya uwanja kama ilivyo kiyoyozi na toroli. Kwahiyo mwenye kulipa awe mamlaka ya uwanja, mwenye kuendesha awe DART au mzabuni wake, na mkataba uandikwe kwa kulipwa kwa kilomita sio kwa kichwa, maana ukilipa kwa kichwa dereva atasubiri gari lijae, na abiria wa ndege hana muda wa kusubiri lijae.

Watakaopinga wanajulikana, ni madereva teksi wa uwanjani na vijana wa boda wa pale getini, na hoja yao sio ya kupuuza, wengine wamelea familia hapo miaka mingi. Lakini soko lao kubwa ni usiku, mizigo mingi, familia, na watu wa kwenda mbali kama Mbezi Beach na Kigamboni ambako hakuna basi litakalowafikisha mlangoni. Soko hilo, basi halitaligusa. Litakalogusa ni ile safari ya getini mpaka mlango wa jengo, ambayo wenye teksi wenyewe huwa wanaikataa kwasababu ni fupi. Boda ndo watapoteza kidogo, na hao ningewapa sehemu rasmi ya kupaki palepale kwenye kituo cha mwendokasi, wapeleke watu Kipawa, Karakata na Kitunda, ambako mwendokasi haufiki na abiria wapo wengi kuliko wa Terminal 3.